Kabla Hujauliza Tairi Litadumu Kilomita Ngapi

Fundi alilitoa tairi la nyuma, akalilaza sakafuni, nami nikapitisha kiganja juu ya mgongo wake. Katikati palikuwa bapa kama ubao uliopigwa randa. Pale ubapa ulipoishia palikuwa na ukingo unaokwaruza vidole, na nje ya ukingo huo mpira ulikuwa karibu mpya. Kwenye mabega ya tairi bado vilining'inia vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi huja navyo kutoka kiwandani. Nilikuwa natupa tairi zima, lakini lililolika ni utepe wa upana wa vidole vinne tu.

Nikauliza swali ambalo kila mwenye pikipiki ya safari ndefu huliuliza: "Hili jipya litadumu kilomita ngapi?" Fundi hakujibu. Aliinama akasoma maandishi ya ubavuni, kisha akanigeukia: "Unapakia abiria? Na masanduku ya pembeni huwa unayajaza?"

Niliona ananizungusha. Kumbe ndiye aliyekuwa ameshika mwanzo wa uzi. Kilomita ni jambo la mwisho kulijua kuhusu tairi, kwa sababu zinatokana na mambo mengine yote: uzito ulioubeba, upepo uliojaza, barabara uliyopita na namna unavyofungua mafuta ukitoka kwenye kona. Tairi lile lile linaweza kuisha mapema kwa mmoja na kumfikisha mwenzake mbali karibu mara mbili, wote wawili wakisema kweli. Kwa hiyo tuanze alipoanzia fundi.

Maandishi ya ubavuni

Chukua maandishi haya, ambayo utayakuta kwenye matairi mengi ya nyuma ya pikipiki za safari: 180/55 ZR17 M/C (73W).

Namba 180 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 55 ni kimo cha ubavu, lakini hicho hakihesabiwi kwa milimita. Ni asilimia 55 ya ule upana, yaani milimita 99. Z ni alama ya mwendo mkali. R ni radiali, aina ya tairi ambalo nyuzi zake za ndani zinavuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. M/C inasema tairi hili ni la pikipiki, na herufi hizo tutazirudia, maana wapo wanaozipuuza kwa makusudi.

Kilichobaki, 73W, ndicho watu wengi hawakisomi. Herufi ni mwendo: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270, na ikiwa ndani ya mabano maana yake tairi limetengenezwa kuvuka hata hapo. Utasema wewe hutafika 270 maishani mwako. Sawa, wala mimi. Lakini herufi ile ni kipimo cha uwezo wa tairi kustahimili joto, na joto halitokani na mwendo peke yake. Pikipiki nzito yenye watu wawili, kwenye lami inayochemka, kwa saa tano bila kupumzika, inalipika tairi hata kwa mwendo wa 110. Kitabu cha pikipiki kikisema V, usishuke kwenda H kwa kuwa imeuzwa kwa bei nafuu.

Namba 73 ni fahirisi ya mzigo. Si kilo, ni namba ya kwenye jedwali, na jedwali hilo halipandi sawasawa. 66 ni kilo 300, 67 ni 307, 69 ni 325, 73 ni 365, 77 ni 412, na 81 inafika 462. Hatua chache tu za namba zinabeba tofauti ya abiria mzima.

Hesabu ya kwenye karatasi

Hili ndilo eneo ambalo ningependa tukae kidogo, kwa sababu halizungumzwi sana na ndilo lenye hatari ya kweli.

Tuseme pikipiki yako, tangi likiwa limejaa, ina kilo 310. Wewe na mavazi yako ya safari ni 90. Abiria ni 75. Masanduku mawili ya pembeni na la nyuma, pamoja na hema, vifaa na vile vitu ambavyo kila mtu huapa safari ijayo hatavibeba, ni 55. Jumla kilo 530. Abiria na mizigo vyote vimekaa nyuma, kwa hiyo tukikadiria kwamba gurudumu la nyuma linabeba asilimia 60, ni kilo 318.

Tairi la fahirisi 73 lina uwezo wa 365. Umebakiwa na kilo 47 za kupumulia. Si nyingi, lakini zipo. Sasa zipo saizi zinazouzwa kwa fahirisi zaidi ya moja. 130/90 ya inchi 16, kwa mfano, unaweza kuipata ikiwa na 67, au ikiwa imeimarishwa na kuandikwa 73. Ukiyatazama rafuni huoni tofauti. Lenye 67 linaishia kilo 307. Kwa mzigo wetu ule, umezidisha kilo 11 kabla hujakutana na shimo la kwanza.

Halafu kuna sharti jingine, limeandikwa kwa herufi ndogo hapo hapo ubavuni: mzigo wa juu kabisa ni kilo 365 kwa presha ya kPa 290, sawa na psi 42, tairi likiwa baridi. Maana yake zile kilo 365 hazikukabidhiwa bure. Anayezibeba hasa ni upepo. Mpira na nyuzi kazi yao ni kuuzuia usitoke. Ukipunguza upepo, na uwezo wa kubeba unapungua. Mtu mwenye tairi la 73 na presha ya psi 34 hana tena tairi la 73.

Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutoa tairi moja kwa sura mbili. Michelin wana Road 6 na Road 6 GT. Pirelli wana Angel GT II ya kawaida, na kwa baadhi ya matairi yao hutoa toleo la pikipiki nzito. Ukiangalia saizi ni ile ile, na mara nyingi fahirisi ni ile ile. Tofauti imejificha ndani: nyuzi za kiunzi cha GT ni ngumu zaidi, ili ubavu usiyumbe pikipiki ya kilo 300 inapolala kwenye kona ikiwa na abiria. Ukiliweka la kawaida kwenye pikipiki nzito halitapasuka. Utahisi tu kama sehemu ya nyuma inachelewa kidogo kufuata ya mbele, kama gari lenye mzigo juu ya paa. Na ukiliweka la GT kwenye pikipiki nyepesi ya mtu mmoja, utalalamika kwamba kila kokoto linakupiga mgongoni. Mwenye pikipiki nyepesi hana sababu ya kulinunua eti kwa sababu jina lake ni kubwa.

Rimu yako imeshachagua nusu

Wenye pikipiki kama Yamaha FJR1300 au BMW R 1250 RT wana bahati. Saizi zao, 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma, ndizo zinazotumiwa pia na pikipiki nyingi za michezo na za barabarani, kwa hiyo kila kampuni inazitengeneza. Bridgestone T32, Dunlop RoadSmart, Metzeler Roadtec 01, Continental ContiRoadAttack: ni kuchagua tu.

Mwenye Honda Gold Wing hana uhuru huo. GL1800 ya kuanzia 2001 ilivaa 130/70R18 mbele na 180/60R16 nyuma, na ilipobadilishwa sura mwaka 2018 ya nyuma ikawa 200/55R16. Ni saizi za pikipiki chache sana, na chaguo ni finyu. Harley-Davidson za safari nazo zimekaa miaka mingi na 130/80B17 mbele na 180/65B16 nyuma. Ile B inaonyesha tairi ambalo nyuzi zake zimelazwa mshazari, kisha zikafungwa mkanda juu. Muundo huo ni mgumu, unabeba sana, na unastahimili mzigo wa kudumu, lakini unatunza joto zaidi kuliko radiali na hauzimi mitikisiko kwa ulaini ule ule.

Usichanganye radiali na mshazari kwenye pikipiki moja isipokuwa kampuni yenyewe imeandika kwamba inaruhusiwa. Tairi hizi mbili hujikunja tofauti chini ya mzigo, na ubishi wao utausikia kwenye usukani ukiwa kwenye mwendo.

Na upana? Kishawishi cha kuweka tairi pana zaidi ni kikubwa, maana linapendeza kwa nyuma. Hesabu inasema hivi: 180/55 ina ubavu wa milimita 99. 190/50 ni pana zaidi lakini ubavu wake ni 95, kwa hiyo gurudumu zima linapungua kipenyo kwa milimita 8. 190/55 ubavu wake ni 104.5, na gurudumu linakua kwa milimita 11. Kila mabadiliko ya namna hiyo yanainua au kushusha sehemu ya nyuma, yanabadilisha wepesi wa usukani, na huenda yakaikosesha spidomita ukweli. Zaidi ya hayo, tairi la 190 kwenye rimu ya inchi 5.5 iliyotengenezewa 180 hubanwa pembeni, mgongo wake ukachongoka. Unalipia upana ambao barabara haiupati. Na upande mmoja huenda mpira ukaanza kusugua mnyororo au mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Saizi ya kitabuni ndiyo saizi.

Mpira wenyewe

Kuna kutoelewana kwa asili kati ya kushika na kudumu. Mpira laini huingia kwenye vinundu vya lami na kuing'ang'ania. Mpira mgumu huteleza juu yake kidogo na kwa hiyo hauliki haraka. Tairi la mashindano huchagua upande mmoja na kuisha. Tairi la safari linatakiwa lifanye vyote viwili, na jawabu la kampuni nyingi ni kuweka mpira wa aina mbili kwenye tairi moja: mgumu katikati, ambako safari nzima inapita, na laini mabegani, ambako pikipiki huegemea kwenye kona. Continental wamepita njia nyingine. Wanatumia mchanganyiko mmoja wa mpira, kisha wanaupika kwa joto linalotofautiana, ili ugumu upungue taratibu kutoka katikati hadi pembeni pasipo mpaka unaoonekana.

Hapa ndipo tairi langu la sakafuni linapoeleweka. Pikipiki ya safari huenda wima kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Katikati panalika, mabega yanabaki, na mgongo uliokuwa wa mviringo unageuka kuwa bapa wenye kingo mbili. Ukiingia kona, pikipiki inasita juu ya ule ukingo kisha inaanguka ghafla upande wa pili. Kwa hiyo kwa mtu wa barabara zilizonyooka, sifa za mabega laini kwenye tangazo hazimhusu sana. Atazame ubora wa katikati. Mtu wa milimani, anayepanda na kushuka kona siku nzima, kwake habari ni kinyume.

Tairi la mbele lina ugonjwa wake. Haliwi bapa, linajikata mawimbi, vile vibonde vidogo vinavyofuatana ambavyo ukipitisha mkono unavihesabu kimoja kimoja. Breki ndizo zinazovichonga, hasa kwenye pikipiki nzito, na upepo mdogo au shokapu zilizochoka huviharakisha. Sauti ya mngurumo inayopanda unapolala kwenye kona mara nyingi hutoka hapo. Watu hubadilisha beringi wakitafuta sauti hiyo.

Mvua

Wengi hudhani mifereji mingi ndiyo usalama kwenye maji. Kwa gari ni kweli kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tairi lake ni bapa na maji hunaswa chini yake. Tairi la pikipiki ni la mviringo na eneo linalogusa barabara halizidi sana kiganja cha mkono. Hilo peke yake hukata maji kama omo la ngalawa. Mifereji bado inahitajika, lakini kinachoamua zaidi kwenye lami iliyolowa ni mpira kubaki mlaini ukiwa umepoa. Silika, ile madini inayochanganywa kwenye mpira, ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa hapo. Michelin walipotoa Pilot Road 3 mwaka 2011 waliongeza vipasuo vyembamba vinavyovunja utando wa maji, na tangu hapo vipasuo vya namna hiyo vimekuwa jambo la kawaida kwenye matairi ya safari.

Ushauri wangu ni wa upande mmoja na sijifichi: kati ya tairi linalodumu zaidi na linaloshika vizuri zaidi kwenye maji, nachukua la maji. Siku kavu karibu kila tairi jipya la kampuni ya kuaminika litakutosha. Siku ya mvua, jioni, na bado kilomita mia mbili hujafika, ndiyo siku unayotumia kile ulicholipia.

Changarawe, na ukweli kuhusu asilimia

Pikipiki za safari za miguu mirefu, kama BMW R 1250 GS yenye gurudumu la mbele la inchi 19, huuziwa matairi kwa uwiano: 90/10, 70/30, 50/50, namba ya kwanza ikiwa ni lami na ya pili vumbi. Si kipimo cha maabara, ni ahadi ya muuzaji. Tena watu hujidanganya sana kwa hesabu hii. Mtu huweka vinundu vikubwa kwa ajili ya siku mbili za vumbi, kisha anavumilia mngurumo, mtikisiko na breki ndefu kwenye lami miezi yote iliyobaki. Hesabu kilomita ulizopita kweli mwaka jana, si zile unazoota. Kumbuka pia kwamba matairi ya vinundu mengi yana herufi Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, au T yenye 190, hata kama pikipiki inaweza zaidi.

Wanaoweka tairi la gari

Sasa turudi kwenye M/C. Kuna kundi la wenye Gold Wing na pikipiki nyingine nzito wanaoweka tairi la gari nyuma. Si wajinga. Tairi la gari lina mgongo mpana, linabeba uzito mwingi kuliko wanaohitaji, na linadumu mara kadhaa ya lile la pikipiki. Wanaendesha nalo kilomita nyingi na kurudi nyumbani salama, na wakikusimulia utashawishika.

Lakini tazama linavyofanya kazi. Pikipiki hugeuka kwa kulala. Tairi la mviringo likilala, mpira mwingine unachukua nafasi ya ule wa mwanzo na eneo la kugusa linabaki karibu lile lile. Tairi bapa likilala linasimama juu ya ukingo wake, na ubavu ndio unaojikunja kuokoa hali. Ndiyo maana wanaolitumia hujaza upepo kidogo, ili ubavu ukunjike kwa urahisi. Halafu kuna pale tairi linapokaa kwenye rimu. Kikao cha rimu ya pikipiki na ukingo wa tairi la gari havikuchongwa kwa umbo moja, hata kama inchi zinalingana. Kampuni za matairi na za pikipiki haziidhinishi mchanganyiko huo, na ajali ikitokea bima inaweza kuuliza maswali usiyopenda kuyajibu. Mimi siweki. Anayeweka ajue tu kwamba tatizo lake si barabara iliyonyooka. Ni ile kona moja anayoingia kwa mwendo mkali kuliko alivyokusudia.

Umri, na jozi

Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwisho wake namba nne ndani ya duara lililorefuka. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililohifadhiwa gizani mahali pakavu halina kosa likiwa na mwaka mmoja rafuni, lakini la miaka minne linalouzwa kwa punguzo limeshakula sehemu ya maisha yake. Michelin hupendekeza tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na litolewe likifikisha kumi tangu kutengenezwa hata kama mifereji bado ni mirefu. Tairi la mtu anayesafiri mara mbili kwa mwaka mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kulika.

Kwa upande wa kulika, ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye alama TWI. Mpira ukilingana navyo, basi. Sheria hutofautiana: Uingereza inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki kubwa, Ujerumani 1.6. Mimi hubadilisha mapema zaidi, maana milimita za mwisho ndizo zinazopata pancha nyingi na ndizo zisizotoa maji.

Je, lazima ubadilishe yote mawili? La nyuma huisha kwanza karibu kila mara. Ikiwa la mbele limebakiza zaidi ya nusu na halina mawimbi, weka la nyuma la jina lile lile na uendelee. Usichokifanya ni kuweka la nyuma jipya la aina nyingine kabisa, lenye umbo lingine la mgongo, ukategemea yataelewana. Watengenezaji huyachonga kama jozi.

Upepo, ambako nilipoteza tairi

Kwa miezi mingi nilikuwa najaza psi 42 nyuma kwa kutumia kipimo cha kituo kimoja cha mafuta. Nilipokuja kununua kipimo changu, nikapima asubuhi kabla ya kuondoka: 36. Kile cha kituoni kilikuwa kinadanganya kwa psi sita. Lile tairi bapa la mwanzo wa makala ndilo lililolipa gharama.

Pikipiki nyingi za safari zinataka kama psi 36 mbele na 41 au 42 nyuma. Kitabu kinaweza kuwa na namba mbili, ya mtu mmoja na ya abiria, na namba zote ni za tairi baridi, lililokaa bila kutembea kwa saa kadhaa. Likishachemka presha hupanda kama asilimia kumi. Hilo ni sahihi, usipunguze. Na hewa inafuata joto la siku: ukijaza kwenye gereji yenye nyuzi 28, ukaamka kesho yake kwenye nyuzi 10, kipimo kitakuwa kimeshuka karibu psi tatu na nusu bila tundu lolote.

Tairi likibadilishwa, dai valvu mpya. Ni kitu kidogo, ila valvu ya mpira iliyozeeka hupinda gurudumu linapozunguka kwa kasi, na siku ikipasuka upepo hautoki polepole kama wa pancha. Mwambie fundi pia afuate mshale wa mzunguko. Kwenye tairi la mbele na la nyuma mifereji huenda ikaonekana imeelekeana kinyume, na hilo si kosa. Kama kuna doa la manjano, ndiyo sehemu nyepesi ya tairi, nalo hukaa karibu na valvu kabla ya kubalansi.

Nilipotoka gereji siku ile, kona ya kwanza ilinishtua. Pikipiki ilijilaza yenyewe kabla sijaisukuma, nikadhani kuna kitu kimelegea. Nikasimama, nikakagua, hakuna. Ni kwamba kwa miezi nilikuwa nimeshazoea kulipandisha lile bapa juu ya ukingo wake, na mikono ilikuwa bado inasukuma kwa nguvu ya jana. Mpira mpya pia una uso laini unaong'aa, unaoteleza mpaka uchubuke, kwa hiyo nilikwenda taratibu kilomita 150 za mwanzo, bila breki za ghafla, nikilala kidogo zaidi kila kona.

Jioni niliinama nikatazama. Katikati vinyweleo vyote vilikuwa vimekwisha. Mabegani bado vilikuwepo, vimesimama.